Jinsi ya Kuandika Maelezo ya Fankisheni ya Kuhashi Nenosiri Bila Kumpoteza Msomaji

Miaka kadhaa iliyopita niliandikia timu yetu kurasa nne za maelezo kuhusu password_hash, fankisheni ya lugha ya PHP inayogeuza nenosiri kuwa hashi, yaani mfuatano wa herufi usioweza kurudishwa kuwa nenosiri. Nilizionea fahari kurasa zile. Kila kigezo nilikifafanua, kila neno nililipima. Wiki ya pili kijana mmoja wa timu akanipigia saa tano usiku: watumiaji wapya wanajisajili vizuri, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuingia. Tulihangaika mpaka karibu saa saba ndipo tukagundua kwamba kolamu ya nenosiri ilikuwa VARCHAR(50), yaani nafasi ya herufi 50 tu. Hashi ya bcrypt ina herufi 60. Kanzidata ya MySQL ya seva ile, iliyowekwa kizamani, ilikuwa inakata mkia wa kila hashi bila kusema neno. Nikafungua kurasa zangu nne kutafuta nilipoandika urefu wa hashi. Sikupaona.

Kijana hakuwa na kosa. Alifanya kile ambacho wasomaji wa nyaraka za kiufundi hufanya siku zote: alinakili mfano, mfano ukafanya kazi, akaenda zake. Kosa lilikuwa langu, nami nilikuwa sijaielewa tabia moja ya fankisheni hizi. Ukizikosea hazilii. Ukikosea jina la kanzidata utaona maandishi mekundu papo hapo. Ukikosea kuhashi nenosiri, programu inaendelea kama kawaida, na utajua siku watu wamefungiwa nje, au siku mwizi ameingia. Kwa hiyo maelezo yake yana kazi moja kubwa: kuyasema yale ambayo fankisheni yenyewe inayanyamazia.

Hapa chini nitatumia password_hash na algoriti ya bcrypt kama mfano, maana ndiyo ninayoikuta kwenye seva nyingi. Njia yenyewe inafaa kwa lugha yoyote ya programu.

Hatua ya 1: Iendeshe mwenyewe kabla hujaandika sentensi

Usiandike kutoka kichwani, wala usitafsiri ukurasa wa mtu mwingine. Fungua terminali, andika php -v, na namba ya toleo iweke juu kabisa ya karatasi yako. Kisha endesha mstari huu mara mbili:

```
php -r 'echo password_hash("ndizi-mbichi", PASSWORD_BCRYPT), PHP_EOL;'
```

Utapata mifuatano miwili isiyofanana. Hapo umeshapata sentensi ya kwanza ya maelezo yako: *Neno lilelile likihashiwa mara mbili hutoa hashi mbili tofauti, na zote mbili ni sahihi.* Iweke juu, mahali isipoweza kukosekana. Msomaji asiyeambiwa hivyo atahashi upya neno lililoingizwa, atalilinganisha na lililohifadhiwa kwa alama ya ==, ataona halilingani, kisha ataamua kwamba fankisheni ni mbovu na kurudi kwenye md5, njia ya zamani isiyo salama. Hilo nimeliona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja.

Hatua ya 2: Chagua maneno, kisha usiyumbe

Kiswahili cha kompyuta bado kinajengwa, na kila mwandishi ana maneno yake. Si shida, mradi neno moja libebe maana moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukurasa.

Jozi inayovuruga watu kuliko zote ni kuhashi na kusimba. Ujumbe uliosimbwa unaweza kusimbuliwa na mwenye ufunguo. Nenosiri lililohashiwa ni mahindi yaliyokwisha kusagwa: una unga, na hakuna kinu kitakachokurudishia punje. Ukichanganya maneno haya mawili, mteja atakupigia akuombe "umfungulie" nenosiri la mfanyakazi aliyeacha kazi, na hatakuamini ukimwambia kwamba hata wewe huwezi kuliona.

Chumvi ni data ya nasibu inayochanganywa na neno kabla ya kusaga, ndiyo inayofanya hashi mbili za neno moja zitofautiane. Andika wazi kwamba chumvi *si siri*. Imekaa ndani ya hashi yenyewe, kila mtu anaiona, na hakuna ubaya. Wengi huisikia chumvi wakadhani ni ufunguo, wanaanza kuitafutia pa kuificha. Kitu cha siri kinachotunzwa nje ya kanzidata kipo, nacho wenye fani hukiita pilipili. Hapo jikoni pamekamilika.

Gharama haihusu pesa. Ni kipimo cha kazi ambayo kompyuta inalazimishwa kufanya. Na kuhusu herufi na baiti, yaone kama maneno mawili yasiyooana. Sababu yake iko Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Pasua hashi moja mbele ya msomaji

Aya tatu za nadharia hazifikii hashi moja iliyopasuliwa. Kwa miaka mingi mwongozo rasmi wa PHP ulikuwa na hii katika mfano wa password_verify, fankisheni inayokagua kama nenosiri linaoana na hashi iliyohifadhiwa:

```
$2y$07$BCryptRequires22Chrcte/VlQH0piJtjXl.0t1XkA8pw9dMXTTOq
```

Nenosiri lake ni rasmuslerdorf, jina la aliyeianzisha PHP likiwa limeunganishwa. Ipasue hivi:

```
$2y$                              aina ya bcrypt
07$                               gharama
BCryptRequires22Chrcte            chumvi, herufi 22
/VlQH0piJtjXl.0t1XkA8pw9dMXTTOq   hashi yenyewe, herufi 31
```

Jumla 60. Sasa itazame ile chumvi. Inasomeka! Mtu aliiandika kwa mkono, maneno ya Kiingereza yanayosema bcrypt inadai herufi 22. Kama mzaha ndani ya mfano ni mzuri, lakini kama funzo ni hatari, kwa sababu anayeiangalia anaweza kudhani chumvi ni kitu cha kutunga mwenyewe. Hata herufi ya mwisho, ile e, ina sababu yake: herufi 22 hubeba biti 132 na chumvi inahitaji 128 tu, hivyo herufi ya mwisho huwa moja kati ya nne: nukta, O, e au u. Msomaji wako hahitaji kulijua hilo. Wewe unayeandika inafaa ulijue, maana ukitunga hashi ya uongo kwa ajili ya mfano, mjuzi ataikamata kwa herufi hiyo moja. Usitunge. Endesha fankisheni, unakili ilichotoa.

Hapo hapo ongeza onyo la alama ya dola. Ukibandika hashi kwenye PHP ndani ya alama za kunukuu mbili-mbili, PHP itaona $BCryptRequires22Chrcte, itadhani ni jina la kigeugeu, itaweka utupu mahali pake, na password_verify itarudisha false. Chumvi ikianza kwa tarakimu, hilo halitokei. Ndiyo maana hitilafu hii huja na kuondoka kama umeme wa mgao. Sentensi moja inatosha: *Hashi iandikwe ndani ya alama moja-moja za kunukuu.* Kwenye terminali ni vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta ukingo, na useme kinachotokea ukivukwa

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Kila fankisheni ina mipaka, na bcrypt ina mmoja maarufu: baiti 72. Jaribu:

```php
$a = str_repeat('a', 72) . 'Mombasa';
$b = str_repeat('a', 72) . 'Kigoma';

$hashi = password_hash($a, PASSWORD_BCRYPT);
var_dump(password_verify($b, $hashi)); // bool(true)
```

Mombasa na Kigoma zimekuwa mji mmoja. Hakuna kosa, hakuna onyo.

Katika kurasa zangu nne mpaka huu nilikuwa nimeugusa. Niliandika: "Nenosiri lisizidi herufi 72." Sentensi fupi, safi, na imebeba makosa matatu. La kwanza, mpaka ni wa baiti. La pili, "lisizidi" haimwambii msomaji litatokea nini likizidi. Atadhani atapata kosa, kumbe hapati kitu. La tatu, haisemi ni nani wa kukagua, fankisheni au yeye. Nilipoirudia ikawa hivi:

*bcrypt husoma baiti 72 za mwanzo za nenosiri. Zinazozidi hutupwa, na password_hash haitoi kosa wala onyo. Kagua urefu kwa strlen kabla ya kuhashi. Usitumie mb_strlen, kwa kuwa hiyo huhesabu herufi.*

Ni ndefu mara kadhaa, na bado ndiyo iliyo wazi. Ufupi una heshima yake, ila si hapa.

Tofauti ya herufi na baiti ioneshe kwa mifano ambayo msomaji anaweza kuipima kwa mkono. Katika UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi kama baiti, Kiswahili cha herufi za Kilatini hutumia baiti moja kwa kila herufi. Ukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Mombasa, kila herufi hula baiti mbili, kwa hiyo mpaka unafika kwenye herufi ya 36. Emoji nyingi hula nne.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ng'ombe. Kwa kidole (ritifaa) cha kawaida cha kibodi, ' , neno hilo lina baiti 7. Lakini simu nyingine, katika kisanduku cha maandishi ya kawaida, hukibadilisha kidole hicho kuwa kile kilichopinda, ’ , ambacho ni baiti tatu. Neno sasa ni baiti 9, na kwa fankisheni ni neno jingine kabisa. Mtu amejisajili kwenye kompyuta, anajaribu kuingia kwa simu, anaambiwa nenosiri si sahihi, naye ana hakika ameandika ng'ombe yuleyule. Hakuna mwongozo wa kigeni utakaokuonya kuhusu hili. Sisi tunaoandika ng' kila siku ndio wa kulisema.

Mwenye timu akiuliza kama mpaka wa baiti 72 unastahili aya nzima, mpe kisa cha Okta, kampuni ya Marekani inayouza huduma za utambulisho. Oktoba 2024 walitangaza dosari: ufunguo mmoja wa kumbukumbu ya muda ulitengenezwa kwa bcrypt juu ya mfuatano wa namba ya mtumiaji, jina la mtumiaji, kisha nenosiri. Jina lilipofika herufi 52 au zaidi, baiti 72 zilijaa kabla nenosiri halijafikiwa. Katika mazingira fulani mtu aliweza kuingia kwa jina tu. Walihamia PBKDF2, algoriti nyingine ya kuhashi.

Baada ya onyo, mpe msomaji njia ya kutokea, la sivyo atajitafutia yake. Njia inayowajia wengi ni kuhashi kwanza kwa SHA, familia nyingine ya fankisheni za kuhashi, kisha kwa bcrypt. Nayo ina mashimo. Matokeo ghafi ya SHA yanaweza kuwa na baiti ya sifuri, na bcrypt huichukulia hiyo kuwa mwisho wa neno; matoleo mapya ya PHP huikataa kwa kosa, ya zamani yalinyamaza. Ukiyageuza kwanza kwa base64, yaani kuwa herufi za kawaida, SHA-256 inakuwa herufi 44 na SHA-384 inakuwa 64, zote zinaenea. SHA-512 inakuwa 88, umerudi ulikotoka. Kwa maoni yangu, programu ya kawaida inafaa imkatalie mtumiaji neno linalozidi baiti 72 kwa ujumbe wa kiungwana, au ihamie algoriti ya Argon2id isiyo na mpaka huo. Bcrypt ya lugha ya Go hulikataa neno refu yenyewe, na ile ya Python imefuata tangu toleo la 5.0 la mwaka 2025. Usiandike kana kwamba maktaba zote zina tabia moja.

Hatua ya 5: Gharama ielezwe kwa kupima

Bcrypt ilitolewa mwaka 1999 na Niels Provos na David Mazières, na wakati huo walipendekeza gharama 6 kwa mtumiaji wa kawaida na 8 kwa msimamizi. Leo namba hizo ni kichekesho. PHP ilikaa na 10 kwa miaka, kisha toleo la 8.4 la Novemba 2024 likapandisha hadi 12. Namba yoyote utakayoandika itazeeka, kwa hiyo iandike pamoja na mwaka wake, kisha mfundishe msomaji kupima:

```php
foreach (range(10, 14) as $gharama) {
    $anza = microtime(true);
    password_hash('jaribio', PASSWORD_BCRYPT, ['cost' => $gharama]);
    printf("%d: %.0f ms\n", $gharama, (microtime(true) - $anza) * 1000);
}
```

Mwambie aendeshe kwenye seva itakayotumika, asipime kwenye kompyuta yake ya mezani. Mweleze pia kwamba kila namba moja ikipanda, muda unazidi mara mbili: kutoka 10 hadi 12 ni mara nne, wala si "asilimia 20 zaidi" kama nilivyowahi kuulizwa kwenye kikao. Kwa ukurasa wa kuingia, mimi hukaa karibu na robo sekunde. Mfumo wa mishahara ambao watu wote huufungua tarehe moja ya mwezi una hesabu yake.

Hatua ya 6: Mfano uwe mzunguko mzima

Kwa kuwa mfano ndio utakaonakiliwa, usiuache nusu. Mifano mingi huishia kwenye kuhashi, au kuhashi na kuthibitisha. Kipande cha tatu, kile cha kuipandisha hashi ya zamani, husahaulika, na ndiyo sababu kuna kanzidata zenye gharama ya mwaka 2013 mpaka leo.

```php
// Kujisajili. Kolamu: VARCHAR(255)
if (strlen($nenosiri) > 72) {
    exit('Nenosiri ni refu mno.');
}
$hashi = password_hash($nenosiri, PASSWORD_DEFAULT);

// Kuingia
if (!password_verify($nenosiri, $hashi)) {
    exit('Jina au nenosiri si sahihi.');
}
if (password_needs_rehash($hashi, PASSWORD_DEFAULT)) {
    $hashi = password_hash($nenosiri, PASSWORD_DEFAULT);
    // hifadhi $hashi mpya kwenye kanzidata
}
```

Eleza kwa nini ukaguzi wa hashi ya zamani umekaa ndani ya kuingia: ni wakati huo tu ambapo programu inalo neno lenyewe mkononi. Usiku, seva ikiwa peke yake, ina unga tu.

Kuhusu 255: bcrypt inahitaji 60, lakini PASSWORD_DEFAULT inaruhusiwa kubadilika siku zijazo, na hashi za Argon2 ni ndefu zaidi. Urefu huo uandike ndani ya mfano, kama maoni ya msimbo, kama ulivyoona hapo juu. Sehemu ya maelezo huachwa nyuma mtu anaponakili. Maoni husafiri naye.

Hatua ya 7: Historia ya matoleo na namna ya kushindwa

Hapa jedwali dogo linatosha. password_hash ilikuja na PHP 5.5 mwaka 2013. Toleo la 7.0 lilianza kukemea kigezo cha salt, yaani chumvi ya kujitungia, na 8.0 likaacha kabisa kukijali. Argon2i iliingia 7.2 na Argon2id 7.3, lakini zipo tu pale PHP ilipojengwa pamoja nazo. Kwenye seva za kukodi si ajabu kuzikosa, na tangu 7.4 msomaji anaweza kuangalia kwa print_r(password_algos()). Kabla ya 8.0 fankisheni iliweza kurudisha false ikishindwa. Tangu hapo hutupa kosa. Anayehamisha mfumo wa zamani ana ukaguzi wa false uliotapakaa kila mahali, na atakushukuru kwa mstari huo.

Hatua ya 8: Mpe mtu aisome, nawe unyamaze

Mtafute mtu ambaye hajawahi kuitumia fankisheni hii. Mpe ukurasa na kazi moja: ajenge fomu ya kujisajili na kuingia. Kaa pembeni na kalamu. Usimjibu kitu. Kila akisita, weka alama pale alipokuwa anasoma. Kila akifungua kichupo kingine kutafuta jibu, ukurasa wako umekosa jambo.

Mimi nilimpa yuleyule kijana wa saa tano usiku. Urefu wa kolamu aliupata bila shida, akacheka. Kwenye strlen akasimama, akauliza, "Kaka, hii napima kabla ya trim au baada?" Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Fomu yake ya kujisajili ilikuwa inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho wa nenosiri, ya kuingia ilikuwa haiondoi. Mtu aliyejisajili akiwa na nafasi mwishoni mwa neno lake asingeingia kamwe. Mchana huohuo niliongeza mstari chini ya mfano: *Usitumie trim kwenye nenosiri. Lililoandikwa na mtumiaji ndilo linalopimwa, ndilo linalohashiwa, ndilo linalothibitishwa.*